Magoti na Barabara ya Katikati

Mbarara, hapa Uganda, ina barabara za aina mbili. Kuna zile zilizomwagiwa lami, zikachorwa mistari, zikapewa majina na kuzinduliwa na wakubwa kwa mkasi na utepe. Halafu kuna barabara ya katikati, inayozaliwa kila magari mawili yanaposimama sambamba, na kufa pale moja lao linapogeuza tairi. Hiyo haimo kwenye ramani yoyote, haina jina, na hakuna mkubwa aliyewahi kuizindua. Upana wake ni upana wa usukani wa pikipiki, na hapo nimepima kwa ukarimu. Magoti ya abiria hayamo katika hesabu. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mimi ni mtu mrefu.

Mimi ni fundi cherehani wa Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Makazi haya yalianza mwaka 1958 na kutangazwa rasmi mwaka 1960, kwa hiyo umri wake unaizidi hata Uganda huru ya 1962. Yana kilomita za mraba zipatazo 185, yana ziwa, masoko, makanisa, misikiti na lugha za kila namna. Kitu yasichokuwa nacho ni foleni ya magari. Magari mawili yakikutana Kashojwa, madereva husimama wakaulizana hali za watoto. Shida ni kwamba uzi, vifungo, zipu na vitambaa vya bei ya jumla viko Mbarara, mwendo wa kilomita zipatazo 60.

Magari ya abiria yapo, lakini hayaondoki mpaka yajae, na hakuna anayejua yanajaa lini. Kiti cha watatu kinakaliwa na wanne, mtoto yuko mapajani, kuku yuko miguuni, na bado kondakta anamwita mtu wa mbali kwamba nafasi ipo. Ndiyo maana mimi hupendelea pikipiki ya kijana wa jirani yangu, ambaye huenda Mbarara kutafuta vipuri. Yeye huniita papa, kwa adabu ya kwetu Kongo, na ninamlipa mafuta na kidogo juu yake. Bei tunapatana vizuri. Taabu haikuwahi kuwa bei.

Kijana huyu hakujifunzia kupenya katikati ya magari. Alijifunzia katikati ya ng'ombe. Ng'ombe wa Ankole, kwa wasiomfahamu, ni mnyama mpole aliyejaliwa pembe zinazoweza kufika mita 2 kutoka ncha hadi ncha. Watatu wakitembea sambamba barabara imekwisha, na nyuma yao kuna wengine wanaokwenda kunywa maji kwa mwendo wa wazee wa baraza. Anayetaka kupita lazima apite kati ya pembe na pembe. Kanuni zake zinajulikana: usipige honi, usiongeze mafuta, na usimtazame ng'ombe usoni, kwa sababu naye atataka kukutazama. Ng'ombe akigeuza kichwa, pembe hufika kwanza, macho baadaye.

Siku moja pembe ilifika ikaondoka na kofia yangu. Niliposhuka ili niikimbilie, mchungaji aliniomba kwa upole nisikimbie, nitawatia wanyama hofu. Basi tukafuatana wote. Kofia ilikuwa mbele, juu kabisa, ikienda ziwani kwa heshima ambayo haikuwahi kuipata kichwani pangu. Ng'ombe alipoinama kunywa, ikashuka majini yenyewe. Watu tuliowapita njiani waliisalimu kabla ya kunisalimu mimi.

Kabla hatujaingia mjini, kuna jambo jingine la kueleza, kwa sababu linahusu watu wengi wa Nakivale. Uganda huendesha upande wa kushoto wa barabara. Kongo huendesha kulia. Burundi kulia, Rwanda kulia, Somalia kulia, Ethiopia kulia, Eritrea kulia. Yaani karibu kila taifa lililokimbilia kwetu lilikuja na upande wake wa barabara, na upande huo sio wa mwenyeji. Mtu anaweza kuacha nyumba, shamba na ng'ombe, lakini mkono uliozoea kulia huvuka naye mpaka. Asubuhi na mapema, barabara ikiwa tupu, utamwona mwendesha pikipiki anakuja upande wako kwa imani kamili, na anapokukaribia mnashangaana, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa kutojua sheria.

Kijana wangu alilitatua tatizo hili kwa njia yake. Nilimuuliza kwa nini hapendi kukaa kwenye njia yake, hata pale foleni inapokuwa fupi.

"Papa, kushoto ni kwa Waganda, kulia ni kwetu. Katikati hakuna mwenyewe."

Sikupata jibu, na hadi leo sijalipata.

Mbarara ilipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, na jiji lisilo na foleni nani atalisadiki? Tukitoka kwenye vumbi tukakamata lami ya Kikagati, pikipiki hupumua. Tukipita Kaberebere, kijana huanza kuimba. Tukikaribia High Street, huacha kuimba, akakunja vioo vya pembeni ndani ili pikipiki ipungue unene. Kuanzia hapo vioo havimwonyeshi kinachokuja nyuma. Vinamwonyesha uso wake mwenyewe, na anaridhika nao.

"Papa, kaza magoti."

"Nimeyakaza."

"Kaza tena."

"Nikikaza zaidi utakosa pumzi."

"Pumzi nitaipata mbele."

Hapo tunaingia. Kushoto kuna lori la matoke, maana Isingiro na jirani zake hulisha nchi kwa matoke, na mikungu imening'inia mpaka nje ya bodi. Kulia kuna taksi, ile ya abiria kumi na wanne, na viwiko vyote kumi na vinne vinatafuta hewa dirishani. Kati yao tuko sisi. Hapo ndipo nilipojua kwamba eksozi ya pikipiki huchagua mguu ule ule uliokwisha ungua wiki iliyopita, na kwamba dereva wa lori hutema makapi ya muwa bila kutazama.

Akina mama wa Kashojwa wana mtindo wao. Wanakaa upande, kwa sababu ya kitenge, na magoti yote mawili yanaelekea kwenye gari moja. Mwanamume hugawa hatari nusu kwa nusu. Mama huielekeza yote upande mmoja, kisha anatazamana na abiria wa taksi ana kwa ana, goti kwa kioo. Mama mmoja wa kwaya yetu alisimamishwa hivyo na foleni kwa muda mrefu kiasi kwamba aliulizwa habari za kitenge chake, akanitaja mimi fundi wake, akashusha bei, akapokea malipo ya awali na kurudi Kashojwa na oda ya sare za harusi. Wateja hao sijawahi kuwaona. Vipimo vyao vilichukuliwa kwa macho, kupitia dirisha la taksi, na inasemekana nguo ziliwakaa vizuri.

Lakini barabara hiyo iliyomletea mama yule oda ilinichukulia mimi zipu. Mafundi wanajua kuna zipu inayouzwa kwa mita, imekunjwa kwenye roli kubwa, unakata unapohitaji. Nilikuwa nimeipakata roli mpya, na ncha yake imechungulia nje ya mfuko. Tukapenya kando ya taksi wakati kondakta anafunga mlango. Mlango ukaikamata ncha. Foleni, ambayo ilikuwa imelala tangu tufike, ikaamka dakika hiyo hiyo. Taksi ikaenda upande wa Ruharo, sisi tukaenda upande wa pili, na roli ikaanza kuzunguka kifuani pangu.

"Simama!" nilipiga kelele.

"Papa, hapa katikati hakuna kusimama!"

Na alisema kweli. Nyuma yetu kulikuwa na pikipiki nyingine zilizotufuata, mojawapo ikiwa na godoro la sponji lililokunjwa na kufungwa kwa mpira. Tuliposimama, nazo zikasimama, godoro likakwama kati ya magari mawili, na nyuma ya godoro ikazaliwa foleni ya wale waliokuja kuikimbia foleni. Magari yalianza kusogea. Dereva mmoja wa gari dogo, aliyekuwa amepitwa na sisi sote kwa dharau, alipita polepole akatupungia mkono. Zipu yangu ilikuwa imelala barabarani, nyeusi na ndefu, ikiupima mji. Mwendesha baiskeli aliiruka. Askari wa usalama barabarani aliitazama toka mwanzo wake mpaka macho yalipoishia, kisha akaamua kutazama kwingine.

Taksi ilisimama ilipofika kituoni. Kondakta alikuwa mtu mwema. Alirudi kwa miguu akiikunja zipu kiwikoni, mita kwa mita, akanikabidhi, kisha akanyosha mkono.

"Nini tena, ssebo?" nilimuuliza, ssebo likiwa ni bwana.

"Nauli. Wewe hukupanda, lakini hii imesafiri."

Tulibishana, tukapatana nusu nauli, kwa hoja kwamba zipu haikukalia kiti.

Mbarara hata hivyo ni shule ya msingi ya kupenya. Chuo kikuu kiko Kampala. Basi la kutoka Mbarara huzimaliza kilomita zipatazo 270 kwa heshima, halafu linafika Kyengera na kusahau lilikuwa linakwenda wapi. Toka hapo hadi Busega na Nateete, wafanyakazi wa kila asubuhi hushuka kwenye taksi, wakapanda bodaboda na kwenda kazini kwa kupenya kati ya milango. Huko madereva wa boda hawakunji vioo. Wengi walikwisha ving'oa. Na pale pale Busega ndipo inapoanzia barabara ya kasi ya kwenda Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, safi, yenye njia pana na nafasi ya kutosha magoti ya ukoo mzima. Bodaboda haziruhusiwi kuikanyaga. Barabara pana kuliko zote imepigwa marufuku kwa mwenye boda, nyembamba kuliko zote ndiyo aliyoachiwa.

Tusidhani kupenya huku ni ushamba wetu. Jimbo la California huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 2016 iliyotambua rasmi kupita kwa pikipiki katikati ya magari. Ufaransa ilianza majaribio mwaka huo huo, na Januari 2025 ikaruhusu kabisa kwenye barabara kubwa, kwa sharti la kutozidi kilomita 50 kwa saa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichambua ajali karibu 6,000 za pikipiki, na mwaka 2015 wakatoa jibu ambalo fundi cherehani analielewa bila mkalimani: hatari kubwa haiko katika kupenya kwenyewe, iko katika tofauti ya mwendo. Pikipiki ikiyazidi magari kwa kilomita kama 24 kwa saa au pungufu, na magari yenyewe yasiwe na kasi, mambo si mabaya sana. Ikizidi hapo, majeraha huongezeka.

Nilimsomea kijana habari hizi jioni moja pale steji ya bodaboda. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza:

"Hao wa California, abiria wao anabeba nini?"

"Hapana kitu. Wengi hawana hata abiria."

"Hakuna mbuzi?"

"Hakuna."

"Basi hao bado hawajaanza."

Wenzake walicheka, nami nilicheka, lakini jibu la Berkeley lilikuwa limeshathibitishwa Nakivale kabla ya mtafiti yeyote kununua kalamu. Kijana huyu huyu, akiwa kati ya pembe, huenda polepole mpaka miguu yake inagusa ardhi. Huwaheshimu ng'ombe kwa sababu anajua wanaweza kugeuka. Akiingia kati ya magari anafungua mafuta yote, kana kwamba dereva wa taksi hana shingo, mlango hauna bawaba, na mtembea kwa miguu hatatokea mbele ya lori. Gari nalo hugeuka, tena bila kutikisa masikio kwanza. Angepita kati ya taksi kwa mwendo ule anaopita kati ya ng'ombe, nusu ya mafundi wa mifupa wangekosa wateja.

Lawama si ya kijana peke yake. Sisi abiria tuna ugonjwa wetu. Tunasimama steji tukibishania shilingi 500 mpaka jasho litutoke, tukiipata tunafurahi, halafu tunapanda na kusema neno moja: "Harakisha." Sheria ya Uganda inataka abiria awe mmoja, na yeye na dereva wote wavae helmeti. Sisi tunapanda wawili na mbuzi, helmeti iko kwenye usukani, kioo ndicho kimeivaa.

Basi wewe unayesoma haya na kesho una safari ya mjini: kabla ya kupatana bei, patana mwendo. Mwambie dereva apenye pale magari yaliposimama, na yakianza kutembea arudi kwenye njia yake akae humo, kushoto, hata kama mkono wake umezaliwa kulia. Dai helmeti. Shuka ukiona hasikii, hata kama mvua inanyesha. Shilingi 500 utazipata tena sokoni. Goti haliuzwi kwa mita.