Mimi Si Jalala la Lawama

Kihispania kina kitenzi ambacho kingekuwa mtu ningeshakishtaki kwa mjumbe wa nyumba kumi. Kinaitwa echar. Mwalimu alisema maana yake ni kutupa, nami nikaandika kwenye daftari, nikachora mstari, nikajua limekwisha hilo.

Lingekwishaje, na mimi naishi Madrid, nyumba ya kupanga, jiko la kuchangia? Chumvi kwenye dengu hutupwa. Petroli kwenye tangi la gari hutupwa. Wakishiba mchana, wanatupa usingizi. Aliyefukuzwa kazi katupwa, na hilo angalau linaingia akilini. Lakini kijana wa chumba cha mwisho kajitupia mchumba, na watu wanampongeza! Maziwa yakichacha, yamejitupa kwenye kuharibika. Jirani yetu, mama wa makamo, alinisimamisha kwenye ngazi akataka kujua namtupia miaka mingapi, yaani namkadiria umri gani. Sikumjibu. Nimelelewa Tanga, nina adabu zangu.

Kitenzi hiki kinatumwa kila kona kama kijana kwenye nyumba ya shughuli. Hata herufi hakina za kutosha: watoto wa shule Hispania huambiwa kwamba kitu cha kwanza echar ilichotupa ni h yake, wasije wakakichanganya na hecho, ambacho ni kitu kingine kabisa. Na ukimkosa mtu aliye mbali, ukamtamani, unasema echar de menos. Hapo hakuna kinachotupwa. Wajuzi wa asili ya maneno wanasema msemo huo ulitoka kwa Wareno, achar menos, kuona kuna pungufu, ukafika Hispania ukabambikwa kwa kitenzi kisichohusika. Basi tangu mwanzo kuna aliyesingiziwa.

Kusingizia ndiko kunakoniuma. Kumlaumu mtu ni echar la culpa, kumtupia lawama. Mswahili hapo anakaa kitako, maana kutupiana lawama tumekujua tangu utotoni. Le echo la culpa al gato: namtupia lawama paka. Ile le ni -m- yetu, paka katajwa mara mbili, haki imetendeka. Sasa jaribu kufupisha, useme unamtupia hiyo lawama bila kutaja paka. Le na la haziruhusiwi kukaa kiti kimoja, kwa hiyo le inavuliwa jina na kuitwa se. Se la echo. Huyo se anaweza kuwa yeye wa kiume, yeye wa kike, wao wote, au wewe mheshimiwa uliyesimama mbele yangu. Lawama imesharushwa, haina anwani. Hii si sarufi, ni siasa.

Halafu kuna ajali. Mhispania havunji glasi. Se me ha roto el vaso, anasema, na uso wa msiba: glasi imenivunjikia. Funguo zimempotelea, wali umemwungulia, yeye ni mfiwa tu. Silalamiki juu ya hilo, maana nasi tunasema hivyo hivyo bila haya, na -ikia yetu imeokoa watoto wengi wasichapwe. Ninacholalamikia ni mgawanyo. Kwenye nyumba yetu ya Madrid glasi za wapangaji wenzangu zinawavunjikia. Yangu ikianguka, ule msiba unaondolewa, wanasema lo has roto tú, umeivunja wewe, na hiyo tú wanaikazia, ingawa kwa sarufi yao wenyewe haikuwa lazima kuitaja. Kiwakilishi ambacho wiki nzima hakisemwi, kinatolewa kabatini kwa ajili yangu.

Mwaka 2017 Luis Fonsi na Demi Lovato walitoa wimbo unaoitwa Échame la culpa, yaani nitupie mimi lawama. Wenzangu wanaupenda mno. Wanauimba wakipika, wanaucheza wakiosha vyombo, na kiitikio wanakifikisha mpaka ghorofa ya chini. Nimewahi kuwauliza, wakiwa katikati ya kiitikio, nani kaacha friji wazi usiku kucha. Wakapunguza sauti ya redio, wakanitazama.

Me la echaron, wakanitupia mimi, kama kawaida. Na ile me, tofauti na se, hakuna aliyehitaji kuifafanua.