Mwongozo wa kujaza diski na kupoteza mafaili bila msaada wa fundi

Kompyuta mpya ina kasoro moja kubwa: ina nafasi. Unaiwasha siku ya kwanza unakuta weupe mtupu na folda chache zenye majina ya heshima, za nyaraka, picha, muziki na video, zote hazina kitu. Hali hiyo haipendezi, na bahati nzuri haidumu. Kwa yeyote ambaye bado hajaonja utamu wa kutafuta barua ya maombi ya kazi saa kumi kasoro robo, na maombi yanafungwa saa kumi kamili, haya hapa maelekezo. Yamejaribiwa katika ofisi za umma na za binafsi, na yanafanya kazi.

Anza na uso wa kompyuta, pale panapoonekana ukishaiwasha tu. Weka kila kitu hapo. Kila barua, kila fomu ya mkopo, kila mwaliko wa sendofu, mpaka ile picha ya watoto uliyoiweka nyuma ibaki sikio moja. Mgeni akipita atajua huyu ni mtu wa kazi. Usihangaike kufahamu kwamba huo uso nao ni folda kama folda nyingine, na kwamba kwa kawaida umo ndani ya diski C, pamoja na Windows yenyewe. Ukilijua hilo utaanza kuwa na maswali siku fundi atakapokuambia, "Mama, hapa dawa ni kupiga Windows upya." Fundi mwema atauliza kama kuna vitu vya kuokoa kwenye C. Wewe mjibu kwa kujiamini kwamba vitu vyako haviko C, viko hapo mbele, vinaonekana.

(C ni C kwa sababu A na B zilikuwa za diski laini za kuchomeka. Diski ya ndani ilipokuja ikapewa herufi iliyofuata. Diski laini zimeshatoweka, lakini hakuna aliyesogezwa mbele.)

Kama fundi aliyetangulia aliigawa diski yako ikawa na C na D, iache D ikae tupu miaka nenda miaka rudi, huku C ikikuonyesha mstari mwekundu.

Sasa majina. Hapa ndipo mwanagenzi anapotenganishwa na bingwa. Mwanagenzi huliita faili lake "Ripoti". Bingwa ana "Ripoti mwisho", kesho yake "Ripoti mwisho kabisa", bosi akishatia kalamu inakuwa "Ripoti mwisho kabisa ya bosi", na usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha inazaliwa "Ripoti mwisho kabisa ya bosi TUMIA HII". Iliyo sahihi ni ya tatu, ila jedwali lenye hesabu za kweli limebaki kwenye ya kwanza.

Ukiona kubuni majina kunachosha, usibuni. Word itakusaidia: waraka usiopewa jina hupendekezewa maneno yake ya mwanzo, na kwa kuwa barua nyingi za ofisi za serikali huanza kwa maneno yale yale, utajikuta na mafaili mengi yaliyotapakaa huku na kule, yote yakiitwa "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania". Ni uzalendo wa hali ya juu. Ukitaka kuyatenganisha kwa kumbukumbu namba ya barua utagonga ukuta, maana Windows haikubali mkwaju ndani ya jina la faili, na kumbukumbu namba zetu zimejaa mikwaju. Wajanja huweka kistari badala yake. Wewe kasirika, bonyeza herufi zozote tano, sevu.

Kuna watu wakaidi wanaoandika "2025-03-14 barua kwa mwenye nyumba", mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Kompyuta hupanga majina kuanzia mwanzo kwenda mwisho, kwa hiyo barua zao hujipanga zenyewe, ya zamani juu na ya karibuni chini, bila mtu kunyanyua kidole. Waonee huruma. Wewe anza na siku, ili tarehe 1 Januari ikae jirani na tarehe 1 Desemba na uwe unapata mazoezi ya macho.

Kuhusu vitu unavyopakua sina mengi. Fomu ile ile ipakue kila unapoihitaji, mpaka ifike (6). Usifungue folda ya vipakuliwa hata kidogo. Huko ndiko zilikolala programu za kusakinisha ulizokwisha kuzitumia, na ukizikuta unaweza kuzifuta.

Tuje kwenye kujaza diski, ambako ndiko kuna fani. Mwaka 1956 IBM walitoa diski ya kwanza ya kibiashara: sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, uzito wa karibu tani moja, na ndani yake zilienea herufi milioni 5. Leo picha moja ya simu, ya sahani ya pilau iliyopigwa kabla watu hawajanawa, inaweza kuijaza diski ile yote. Nawe una picha tisa za sahani hiyo hiyo, maana mkono ulitikisika.

Hatua ya kwanza ni kumshuku muuzaji. Boksi linasema GB 500, kompyuta inasema 465. Rudi dukani ukadai zilizobaki. Muuzaji akijaribu kukueleza kwamba mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni 1, na Windows huhesabu baiti 1,073,741,824, kwamba diski ni ile ile na tofauti iko kwenye kipimo tu, mwambie hukuja kufundishwa hesabu.

Hatua ya pili, diski ikianza kulalamika, futa barua. Barua ya Word ina KB 30 hivi, na filamu moja ya GB 1.5 ni sawa na barua kama hizo elfu 50. Kwa hiyo kaa Jumamosi nzima ukichagua barua za kufuta, na misimu yote minane ya tamthilia iache ilipo, kwani huwezi kujua ni lini umeme utarudi na utataka kuitazama tena. Usiende kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi, ambako Windows yenyewe inakuonyesha nani kakalia nafasi kiasi gani. Usipakue WinDirStat, programu ya bure inayochora diski nzima kwa vibonge vya rangi, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Mtu akishaiona picha ile hupata akili, na mwongozo huu unakuwa hauna kazi.

Ukishafuta, usimwage pipa la taka. Faili likiwa pipani bado linakula nafasi ile ile. Limehama chumba, nyumba ni ile ile. Watu wengine hulifanya pipa kuwa kabati kabisa, wakiweka humo vitu "vya kuamua baadaye", mpaka kijana wa kompyuta akapita akasafisha kwa nia njema.

Na ikitokea umefuta kitu cha maana kwa bahati mbaya, fanya haraka uharibu ushahidi. Kwenye diski za kuzunguka, kufuta ni kuondoa anwani tu. Yaliyomo hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na ndiyo sababu mtaalamu huweza kuyarudisha. Basi endelea kuitumia mashine, tazama video, halafu pakua programu ya kuokoa mafaili na uisakinishe kwenye diski ile ile, juu ya lile lile unalolitafuta. Mwenye diski ya kisasa ya SSD hana haja ya jitihada hizo. Yake hujisafisha yenyewe, mara nyingi kabla hata hajamaliza kusikitika.

Flashi inastahili pumzi ndefu. Sheria ni moja: nakala pekee ya kazi yako ya chuo iwe kwenye flashi, na flashi iwe kwenye ufunguo wa bodaboda. Siku ya kuprinti ipeleke steshenari yenye foleni. Dada wa pale ataichomeka kwenye kompyuta ambayo tangu asubuhi imepokea flashi za chuo kizima.

"Kaka, hii yako haina kitu. Ni shotikati tupu."

"Haiwezekani, dada. Nimetoka nayo nyumbani sasa hivi."

"Basi bofya mwenyewe."

Bofya. Hicho ndicho kirusi anachosubiri. Ameshazificha folda zako kwa kuzipa sifa ya kutoonekana, akaweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale, na ukibofya unamkaribisha ahamie mashine nyingine. Vitu vyako vyote vimo ndani, havijaguswa, na mtu anayeijua amri ya attrib atavifichua baada ya kumwondoa kirusi. Ndiyo maana ni muhimu usiulize. Chukua ushauri wa yule aliye nyuma yako kwenye foleni: "Iformati tu, itakaa sawa." Itakaa sawa kweli.

Bakapu, kwa kifupi, ni uoga. Ukilazimika, toa nakala kutoka C uipeleke D. Diski ni moja ila herufi ni mbili, na ikifa zitakufa pamoja zikiwa zimeshikana mikono. Usijaribu kamwe kuifungua bakapu uone kama inafunguka. Pixar, wale watengeneza filamu za katuni, hawakufuatilia kama bakapu zao zinafanya kazi, na mwaka 1998 mtu alipoendesha amri ya kufuta juu ya filamu nzima ya Toy Story 2, bakapu zikagoma. Ingekuwa kazi safi isingekuwa Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa ufundi, ambaye alikuwa amejifungua na akawa anafanyia kazi nyumbani, hivyo alikuwa na nakala kwenye kompyuta ya huko. Wakaifuata kwa gari.

Wataalamu wana kanuni yao ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyingine. Ukizidiwa na maneno yao ukanunua eksteno, ile diski ya nje, ijaze, halafu iweke kwenye begi lile lile la laptopi, ili atakayelikwapua asilazimike kurudi mara ya pili.