Feni ya Meza Kuu

"Tumpigie makofi ya kilo!" Ndivyo alivyosema mshereheshaji, na ukumbi mzima ukapiga, ukiongozwa na watoto waliong'ang'ania nondo za madirisha. Makofi yale yalikuwa na kilo nyingi kuliko nilizonyanyua. Pleti mbili za kilo 10 kila moja, zimewekwa pamoja huku nyuso laini zikitazama nje, zilibaki sakafuni pale pale nilipozikuta. Kilichopaa ni mkono wangu peke yake, hadi usawa wa kifua, vidole vimebana hewa, kama mtu anayemwonyesha muuza kahawa ukubwa wa kashata anayoitaka. Mwamuzi akaandika sifuri bila haraka. Mama mmoja nyuma aliuliza kama nilikuwa bado napasha misuli.

Mchezo wenyewe ni kubana pleti. Gumba linakaa upande mmoja, vidole vinne upande wa pili, unainua mpaka umesimama wima, unasubiri mwamuzi aseme "shusha". Watu hucheka wakisikia. Wao wamezoea ndoo ya maji, na ndoo ina huruma: vidole vimejikunja chini ya mpini, kwa hiyo ikitaka kukuponyoka lazima kwanza ivinyooshe vyote. Pleti haina mpini wala haina chini. Hakuna kinachoizuia isipokuwa msuguano, na msuguano hauna undugu na mtu.

Hesabu yake ni tamu, mtu akiwa hajaibishwa nayo. Tuseme msuguano kati ya ngozi na chuma ni nusu ya nguvu unayobania. Pande ni mbili, kwa hiyo nusu mara mbili inakuwa moja: kubeba kilo 20, vidole vinne vibane kwa uzito wa kilo 20, na gumba, peke yake, lijibu kwa kilo 20 zile zile. Vinne vinagawana kazi, gumba linailipa yote. Sasa mwagia jasho. Msuguano ukishuka hadi robo, pleti zile zile zinadai kilo 40 kutoka kwenye gumba lile lile. Chuma hakijaongezeka hata gramu. Kilichoongezeka ni unyevu.

Na gumba linalipia wapi? Kwenye ile nyama nene iliyo kati yake na kidole cha shahada. Neva inayoiamrisha hupita nyuma ya kiwiko, ile ile ambayo ukiigonga kwenye kitasa cha mlango unapigwa shoti hadi kidole cha mwisho. Mwaka 1915 daktari Mfaransa Jules Froment alieleza namna ya kuipima kwa karatasi tu: mgonjwa anaibana kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, daktari anaivuta, neva ikiwa mbovu, gumba hujikunja kwenye kiungo cha juu, likiomba msaada kwa msuli mwingine. Nilijipima nyumbani kwa risiti ya LUKU, mke wangu akivuta. Gumba lilisimama wima. Mimi nilifurahia neva, yeye alikuwa anataka namba za umeme.

Nimesoma pia habari za kipande cha chuma ambacho wanaocheza mchezo huu Marekani wanakiita Blob. Ni kichwa kilichokatwa kutoka kwenye dambeli ya York ya paundi 100, kina takribani kilo 23, mviringo, hakina pa kushika. Richard Sorin ndiye anayesifiwa kukiinua kwanza kwa kubana. Kwa hiyo nilifika nikiwa nimesoma, nimelala, nimekula.

Sikufika na feni.

Ilikuwa Dar es Salaam, mwezi Machi, chini ya bati. Ukumbi ule una feni moja ya kusimama. Asubuhi ilikuwa inatazama jukwaa, na mikono ilikuwa mikavu kabisa. Tukaambiwa tusianze, mgeni rasmi yuko njiani. Mgeni rasmi alikuwa njiani hadi jua likafika utosini. Alipoingia, kijana mmoja akaibeba feni kwa heshima zote na kuielekeza meza kuu, ambako tayari kulikuwa na kitambaa cheupe, maua ya plastiki na maji ya chupa yanayotoa jasho la baridi. Chaki tulikatazwa, inachafua kapeti la wageni. Niliomba taulo, nikaambiwa mataulo ni ya meza kuu. Mgeni rasmi akahutubia kuhusu michezo na afya, akipepewa, tai yake ikiruka kila aliposema neno "vijana". Sisi tulisimama juani mlangoni, tukipanga mstari na kuchuruzika.

Naomba nieleweke. Kwenye riadha, feni ya mgeni rasmi haimkwazi mtu. Katika mchezo ambao msuguano ndio kila kitu, kuchukua feni ni kuchukua kilo. Na kiingilio kilichonunua yale maji ya chupa tulikilipa sisi tuliokuwa tunatoka jasho.

Michezo mingine ya siku ile nayo haikuniokoa. Kubeba gunia: nikawa wa pili kutoka mwisho. Kuvuta kamba: iliungua kiganjani. Chakula cha mchana: kijiko kilinianguka.

Aliyeshinda kubana pleti ni saidia fundi kutoka jengo la jirani, aliyeingia akiwa na kandambili. Alibana mbili za kilo 15, akasimama, akamwangalia mwamuzi kama anayesubiri aambiwe azipeleke ghorofa ya ngapi. Viganja vyake saruji imeshavikausha miaka mingi. Jasho lilikuwa halina pa kutokea. Chaki ile aliilipia kwa ngozi yake, na hakuna kapeti lililomkataza.

Zawadi ilikuwa kopo la unga wa protini. Aliligeuza geuza akamwuliza mshereheshaji, "Bosi, hii inaliwa na ugali?" Watu wakacheka. Akauliza tena, kwa sauti ya chini, kama anaweza kupewa hela badala yake, maana leo hajaingia kazini. Akaambiwa utaratibu hauruhusu.

Aliliuza pale pale mlangoni. Aliyelinunua, kwa nusu ya bei ya dukani, alitoka meza kuu, kiti cha karibu kabisa na feni.