Maombi ya Kurejeshwa Katika Daftari la Wateja

Nairobi, Januari 2026

Kwa Wakurugenzi Wakuu,
Samsung Electronics, Suwon;
SK hynix, Icheon;
Micron Technology, Boise.

KUH: MNUNUZI WA RAM MOJA MOJA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu kutoka Barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya elektroniki, ambako siku hizi mnatajwa zaidi kuliko mbunge wa eneo, ingawa hakuna anayewajua kwa sura.

Nawaandikia kwa unyenyekevu kwa sababu nimepata habari kwamba cheo changu kimeshuka. Tarehe 3 Desemba 2025, Micron ilitangaza kuwa inajiondoa katika biashara ya Crucial, chapa iliyotuuzia RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, na diski sisi watu wa rejareja kwa miaka 29, na kwamba mzigo wa mwisho utatoka mwishoni mwa Februari. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya heshima kabisa: kampuni inataka kuwahudumia vyema wateja wakubwa, wa kimkakati, walio katika sekta zinazokua kwa kasi. Niliisoma taarifa hiyo taratibu nikijitafuta ndani yake. Mimi si mkubwa. Mkakati wangu wote ni kufika mwisho wa mwezi. Na kinachokua kwa kasi kwangu ni deni la kwenye simu. Basi naomba rasmi kurejeshwa katika daftari, hata kama ni ukurasa wa mwisho.

Kabla ya maombi yenyewe, haki yenu nawapa. Mwaka 2023 hali yenu ilikuwa mbaya. SK hynix ilipata hasara ya uendeshaji ya won trilioni 7.7, na kitengo cha chipu cha Samsung kikapoteza karibu won trilioni 15, kwa sababu maghala yalifurika chipu za kumbukumbu na bei ikaanguka. Sisi huku tulikuwa tunafurahia. Watu walijiongezea RAM kama wanaojiongezea chapati, na hakuna aliyefikiria kuwaitia harambee. Mkapunguza uzalishaji, mkanyamaza, mkasubiri. Sasa mmepata mchumba tajiri, nasi tunajifanya kushangaa kwamba hamtukumbuki.

Mchumba mwenyewe hana haya. Tarehe 1 Oktoba 2025, OpenAI, kampuni ya akili mnemba, ilitia saini na Samsung na SK hynix barua za kusudio kwa ajili ya Stargate, mradi wake wa vituo vya data, na lengo lililotajwa ni hadi visahani 900,000 vya silikoni kwa mwezi, vile ambavyo chipu za kumbukumbu hukatwa kutoka kwavyo. Ieleweke ni barua za kusudio. Waheshimiwa, kusudio hata mimi ninalo. Nimekusudia kununua kompyuta tangu mwaka jana, na nilipofika dukani na kusudio langu niliambiwa nitangulize pesa.

Kinachofuata ni hesabu ya kiwandani ambayo muuzaji wa Luthuli hawezi kumweleza mteja aliyekasirika. Akili mnemba haili RAM ya kawaida. Inataka aina ya HBM, inayopangwa ghorofa juu ya ghorofa kando ya prosesa, na kwa kila gigabaiti inameza silikoni takriban mara tatu ya ile inayohitajika kwa DDR5, RAM ya kawaida ya kompyuta za sasa. Kwa hiyo kila mnapomhudumia mgeni wa heshima sahani moja, sufuria yetu inapungua sahani tatu. Viwanda vipya huchukua miaka kujengwa, na ninyi watatu ndio mnaotengeneza zaidi ya asilimia 90 ya RAM yote duniani. Hakuna mlango wa nne wa kubisha wenye chakula cha kutosha.

Matokeo mnayajua kwa sababu yamo katika taarifa zenu za faida. Seti ya RAM ya DDR5 ya gigabaiti 32, ambayo Marekani iliuzwa kwa takriban dola 100 mwezi wa Septemba, ilipita dola 300 kabla ya Krismasi. Akihabara, mtaa wa vifaa vya elektroniki mjini Tokyo, maduka yaliwekea wanunuzi kikomo cha RAM ambazo mtu mmoja anaweza kuchukua. Duka moja la Marekani liliacha kubandika bei: ukitaka kujua, uulize siku hiyo. Hilo halikutushtua sana sisi tuliokulia pwani, maana samaki tumewanunua hivyo maisha yetu yote. Raspberry Pi nayo, kompyuta ndogo iliyozaliwa mwaka 2012 kwa dola 35 ili watoto wajifunze programu, ilipandisha bei mwezi wa Desemba: ile ya gigabaiti 16 ikatoka dola 120 hadi 145. Wenye Raspberry Pi walikuwa waungwana, wakatoa pia ya gigabaiti moja kwa dola 45. Mtoto ajifunze, lakini asikumbuke mengi.

Nimetumwa pia niwaelezee jinsi wateja wenu wa zamani wanavyoipokea hali hii, kwa kuwa sidhani ripoti za wachambuzi zinafika Luthuli.

Wengi hawaamini. Wanamwambia muuzaji kuwa ni mwizi, wanaenda duka la pili, wanamwita huyo naye mwizi, na wakifika la tano wanarudi kwa mwizi wa kwanza na kukuta ameongeza. Wapo wanaosema ni ushuru wa KRA. Wapo wanaosema ni dola, ingawa shilingi imetulia muda mrefu na dola safari hii haina hatia. Kuna kundi la wenye hekima, lile lililosubiri bei za kadi za michoro zishuke mwaka 2021 wachimbaji wa sarafu za mtandaoni walipozimaliza madukani, ambalo linashauri watu wawe na subira. Subira huvuta heri, sikatai, ila mwanafunzi wa mwaka wa nne ana tarehe ya kuwasilisha mradi.

Mafundi nao wana mapya. Mmoja aliniambia kuwa zamani mteja akileta mashine aliuliza itapona lini. Leo anaifungua kwanza, anapiga picha ukurasa unaoonyesha kiasi cha RAM, ndipo anaiacha, na akirudi kuichukua analinganisha picha na mashine kabla ya kulipa. Fundi haoni kuwa ametukanwa. Anasema angefanya vivyo hivyo.

Mnaweza kudhani kuwa sisi tuko salama kwa sababu hatununui mpya. Kweli, kompyuta nyingi za hapa ni zile zinazoitwa ex-UK, zilizostaafu katika ofisi za Ulaya zikaja kuanza maisha ya pili Moi Avenue. Lakini mashine hustaafu pale tu mrithi wake anaponunuliwa. Ofisi ya Birmingham ikiona bei mpya na kuamua kukaa na kompyuta zake mwaka mmoja zaidi, mwaka huo tunautumikia sisi. Na msidhani DDR4, RAM ya zamani ya mashine hizo, ilisahauliwa: mlipotangaza kuanza kuiondoa viwandani, nayo ikapanda bei. Simu ni vivyo hivyo. Katika simu ya bei nafuu kumbukumbu ni sehemu kubwa ya gharama kuliko katika ile ya watu wazito, kwa hiyo chipu ikipanda anayeumia kwanza ni mwenye simu ya shilingi elfu kumi na kitu, yule ambaye simu ndiyo benki yake, ndiyo duka lake, ndiyo ofisi yake ya serikali.

Serikali yenyewe, kwa njia, iliahidi mwaka 2013 kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza atapata kipakatalishi. Ahadi ikapungua ikawa vishikwambi, vikagawanywa zaidi ya milioni moja. Vilivyobaki hai navyo vinazeeka. Sijui ni nani atakayepiga hesabu ya kuvibadilisha kwa bei zenu za leo, na simwonei wivu.

Sasa niseme linaloniuma, kwa adabu. RAM ambayo ningeinunua mara moja ikawa yangu, nikaitumia hata umeme ukirudi saa nane za usiku, haijapotea. Ipo. Imepelekwa kwenye vituo vya data vya akili mnemba, kama kile cha Stargate cha Abilene, Texas, na nimekaribishwa niikodi huko kwa dola 20 kwa mwezi, pamoja na bando langu la intaneti juu. Nikiacha kulipa, narudi kwenye kompyuta yangu ya gigabaiti nne inayochukua muda wa kuchemsha chai ili kufungua barua. Mmenigeuza kutoka mwenye nyumba kuwa mpangaji, na nyumba ni ile ile.

Wenye midomo mirefu wananikumbusha historia. Mwaka 2005 Samsung ilikiri kosa la kupanga bei za RAM na kutozwa faini ya dola milioni 300 nchini Marekani, Hynix ikatozwa milioni 185, na Micron ikaponea kwa kushirikiana na wachunguzi. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya nao ukatoza kundi la watengenezaji euro milioni 331, na Micron ikaponea tena kwa njia ile ile. Nawajibu hao wenye midomo kwamba safari hii sijaona njama yoyote. Mambo yote yamefanyika mchana kweupe, kwa taarifa kwa vyombo vya habari na picha za watu wakipeana mikono. Ni halali kabisa. Njama ingekuwa afadhali, maana ingekuwa na mahakama yake.

Maombi yangu basi ni haya. Nikubaliwe kuwa mteja wa kimkakati wa daraja la chini kabisa. Kati ya visahani 900,000 vya kila mwezi, mnitengee kipande kile ambacho mashine ya kukatia hukitupa pembeni. Sifa ninazo: nalipa taslimu, sijawahi kuahidi mabilioni nisiyonayo, na nikinunua RAM naitumia miaka kumi bila kuwasumbua. Pia mkipata hasara tena, na mtapata, kwa sababu bei zenu zikipanda mchongoma kushuka ndio ngoma, wa kuyasafisha maghala yenu tutakuwa ni sisi, kama tulivyofanya mwaka 2023. Tafadhali msiifute namba yangu.

Nasubiri jibu lenu. Lisizidi ukurasa mmoja, mashine yangu haifungui mbili kwa pamoja.

Wenu mtiifu,
Mnunuzi wa Rejareja

Nakala: Waziri wa Hazina ya Taifa, ambaye VAT yake ya asilimia 16 kwa kila kompyuta imeongezeka kwa shilingi bila kuhitaji Mswada wa Fedha.