Watu wa Shukurani

Wako watu, Mungu awazidishie subira, ambao kila taklifu ya dunia kwao ni neema iliyokosea mlango; na wengi wao, kwa kadiri nionavyo, makao yao ni Isiolo. Umeme ukikatika usiku, husifu nyota. Mfereji ukikauka, huhimidi siha ipatikanayo kwa kubeba madumu. Na upepo wa alasiri ukiwajaza vumbi machoni, hukumbushana kwamba barabara ya Moyale, iliyokuwa adhabu kwa mbavu za wasafiri, sasa ina lami, kana kwamba vumbi nalo limepata habari hiyo.

Lakini ustadi wao hudhihiri hasa itajwapo habari ya uwanja wa ndege, uliofunguliwa rasmi mwaka 2017 kwa jina adhimu la kimataifa, ambako miraa ya Nyambene ilitarajiwa kurukia kwenda ng'ambo, ilhali njia yake ya kurukia, yenye urefu wa kilometa 1.4 hivi, haizitoshi ndege kubwa. Nilimuuliza mzee mmoja faida aliyoiona.

"Bwana wangu," akasema, "tunalala bila makelele."

Kisha akapanda basi la Nairobi.