Jinsi ya Kulinganisha Nchi Mbili Ukiwa Kiti cha Dirishani

Kutoka Arusha hadi Nairobi ni kilomita kama 270, safari ya saa tano au sita ikiwa foleni ya Kitengela ina huruma siku hiyo. Muda huo unatosha kabisa kuzijua nchi mbili zenye watu zaidi ya milioni 100, tabia zao, mapishi yao na siri zao. Nawafahamu watu waliohitimu kwa safari moja tu, tena nusu ya njia walisinzia. Tatizo ni kwamba wengi wetu bado tunalinganisha kienyeji, bila utaratibu. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Mimi ni mtu wa Arusha. Sina upendeleo wowote, na Tanzania itashinda.

Hatua ya kwanza: Toa hukumu kabla ya kupanda gari

Mlinganishaji mzembe husubiri aone kwanza. Aliyekomaa huondoka nyumbani na hukumu mfukoni, na barabarani hutafuta ushahidi tu. Hukumu zenyewe zipo tayari, huna haja ya kutunga: Mtanzania ni mpole lakini mzito, Mkenya ni mchapakazi lakini mkali. Ukimkuta Mtanzania mkali, huyo amekaa sana Nairobi. Ukimkuta Mkenya mpole, huyo ni wa Pwani. Kwa namna hii hukumu yako haitavunjika hata ukisafiri miaka 40.

Fani hii si ya juzi. Miaka ya sabini wakubwa wetu walitupiana vijembe hadharani: huku wakisema kule mtu anamla mtu, kule wakijibu kwamba huku mtu hana hata cha kula. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa hadi 1983. Miaka yote hiyo watu waliendelea kulinganisha bila kuvuka, na sijasikia hata mmoja aliyelalamika kwamba alikosa la kusema. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ulisainiwa hapa hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na makao yake makuu yapo mjini kwetu. Kwa hiyo safari yako inaanzia penye umoja wenyewe. Usiutazame sana, utakuharibia kazi.

Hatua ya pili: Panda usafiri wa umma, kisha ulaumu taifa zima

Hadi mpakani Namanga panda Noah. Kiwanda kilihesabu viti, konda anahesabu nafasi, na nafasi haijawahi kuisha. Utakapokuwa umebeba mtoto wa mtu usiyemjua na goti la mzee mmoja limo ubavuni mwako, andika daftarini: "Watanzania ni watu wa ujamaa."

Karibu na kila kijiji utaona gari likinywea ghafla hadi mwendo wa 50, dereva akiwa na uso wa mtu anayetoka kanisani. Huyo hajaokoka, anaogopa tochi. Trafiki amejificha nyuma ya mwarobaini na kifaa chake cha kupimia mwendo, na ukipigwa tochi faini ni shilingi 30,000. Dereva anayetoka mbele atawasha taa kumwonya mwenzake, hata kama hawajuani. Andika tena: ujamaa.

Ukishavuka utapanda matatu ya abiria 14, na utaambiwa ufunge mkanda. Hilo ni tunda la sheria za mwaka 2004, zile ambazo Wakenya hadi leo wanaziita kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 na mstari wa njano ubavuni mwa gari. Hapa mlinganishaji wa Kitanzania hupata wakati mgumu, kwa sababu kukaa peke yako kwenye kiti chako ni raha. Jitetee kwa kusema kwamba ni upweke wa mjini.

Kisha linganisha nauli za jijini. Nairobi nauli hupanda na mawingu. Tone la kwanza likidondoka, safari ya 50 inakuwa 100, na makanga anakutazama kama wewe ndiye uliyeiita mvua. Tamka kwa fahari kwamba Dar nauli hupangwa na serikali na haipandi ovyo. Usitaje kwamba daladala ya Dar hukatisha ruti, ikakushusha katikati ya njia, ukapanda nyingine na kulipa upya. Nairobi umelipa maradufu kwa gari moja, Dar umelipa maradufu kwa magari mawili. Ni wazi kwamba Dar umepata magari mengi zaidi.

Mtu akikuambia kwamba majina yenyewe ni ndugu, kwamba daladala ilipewa jina la dala, ile sarafu ya shilingi tano, na matatu ikapewa jina la Kikuyu la zile senti kumi tatu walizolipa abiria wa mwanzo, mwambie hujauliza.

Hatua ya tatu: Vuka mpaka kwa masikitiko

Zamani Namanga ulipanga foleni ya kutoka, ukatembea juani na begi kichwani huku kina mama wa Kimasai wakikuvisha bangili usizoomba, kisha ukapanga foleni ya kuingia. Waandishi wa safari walipata aya zao bora pale katikati. Siku hizi kuna kituo cha pamoja, kilichozinduliwa na Rais Magufuli na Rais Kenyatta tarehe 1 Desemba 2018: unapita moja kwa moja hadi jengo la nchi unayoingia, na humo maofisa wa pande zote mbili wamekaa jirani. Huyu anakugongea kutoka, yule anakugongea kuingia. Hakuna la kulalamikia. Lalamikia hilo.

Mpaka wenyewe Waingereza na Wajerumani waliukubaliana mwaka 1886, kwa rula, na rula ikapinda kidogo ilipofika Kilimanjaro. Wamasai hawakuulizwa na hadi leo wapo pande zote mbili. Usiwaingize kwenye mlinganisho wako, watauvuruga.

Hatua ya nne: Badilisha hela na upoteze hesabu

Hadi mwaka 1966 tulitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Tulipogawana, kila nchi ikapata yake na thamani zilikuwa sawa. Leo shilingi moja ya Kenya ni kama 20 za kwetu. Usizungumzie jambo hili ndani ya matatu.

Kwa siku ya kwanza Mtanzania ataona kila kitu Kenya ni bei ya kutupa. Chai 30! Atakunywa tatu. Jioni akizidisha kwa 20 atapata homa. Mkenya anayekuja huku hupitia ugonjwa kinyume chake: anabadilisha noti chache, anapewa bunda, anatembea kifua mbele hadi aambiwe bei ya chumba.

Mimi mara ya kwanza nilibadilisha kwa kijana aliyekuwa na mabunda mkononi na kikokotoo chenye dini yake. Nilihesabu mbele yake zikatimia, nilipohesabu upya Kajiado zikawa zimepungua. Tangu siku hiyo naenda benki. Noti tatu za elfu moja alizonipa shangazi yangu, alizozihifadhi ndani ya kanga kwa ajili ya siku ya shida, nazo hazikunisaidia: Kenya iliziondoa noti za zamani za elfu kwenye mzunguko mwishoni mwa Septemba 2019. Shangazi bado anaamini nilizitumia.

Hatua ya tano: Rekebisha Kiswahili cha watu

Hapa ndipo Mtanzania hung'ara. Ukisikia "kuja hapa", vuta pumzi kwa uchungu. Ukisikia mchele umeshapikwa na bado unaitwa mchele, tikisa kichwa. Lakini ujue mitego.

Nikiwa njiani kupita Bissil, jirani yangu wa kiti, kijana mchangamfu, aliniambia anawahi nyumbani kwa sababu bibi yake ana mimba ya miezi saba. Nilinyamaza kwa heshima. Kisha nikamuuliza, kwa sauti ya chini, bibi ana umri gani.

"Ishirini na sita," akasema.

Tulifika Isinya ndipo nikaelewa kwamba kule bibi ni mke. Naye alicheka hadi makanga akageuka, maana muda wote huo alikuwa akijiuliza kwa nini nampa pole.

Na kuhusu pole: usimwambie Mkenya "pole na kazi". Atakuuliza kazi imefanya nini.

Kitengela niliingia kibandani nikiwa na njaa na adabu zangu zote. "Habari za leo, dada? Za tangu asubuhi? Pole na shughuli. Samahani, naomba unisaidie chapati mbili."

Dada yule aliacha kusukuma unga. "Unanunua ama unaomba?"

Nikasema nanunua.

"Basi sema, kastoma. Ngapi?"

Usidhani kwamba huku kwetu tuna nafuu. Nilimwona Mkenya mmoja stendi ya Arusha akimwambia mama ntilie, "Nipe chai." Mama hakukasirika. Alimtazama, akajifuta mikono, akasema, "Hujambo, baba? Umeamkaje?" Yule bwana akarudia: chai. "Nyumbani hawajambo?" Alihojiwa hadi alipomaliza ukoo, ndipo chai ikaja, na ilikuwa ya rangi, kwa sababu hakusema ya maziwa. Kwao chai bila maziwa ndiyo inayotakiwa kutajwa.

Hatua ya sita: Linganisha namna ya kunyimwa

Usipime nchi kwa inachokupa, pima inavyokunyima. Kenya ukiuliza kitu ambacho hakipo utajibiwa "Hakuna", na macho ya muuzaji yameshahamia kwa mtu wa nyuma yako. Ni neno moja, na unatoka nalo kama umepigwa kofi.

Tanzania hakuna mtu anayesema hakuna. Utaambiwa, "Ipo, ila imeisha." Au, "Ungewahi kidogo." Au, "Labda upitie jioni", na jioni yenyewe muuzaji anafunga saa kumi. Unaondoka umeshukuru, umeagana na familia nzima, na umefika nusu ya barabara kabla ya kugundua kwamba huna ulichokifuata.

Nimelipima jambo hili kwa makini. Njaa ni ile ile. Ila ya kwetu inachukua muda mrefu zaidi kufika.

Hatua ya saba: Jipatie sifa kwa mambo usiyoyafanya

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwishoni mwa Agosti 2017. Sisi tulifuata tarehe 1 Juni 2019. Kwa karibu miaka miwili Mtanzania alivuka na maandazi yake kwenye rambo, akanyang'anywa rambo, akabaki na maandazi mkononi akiulaumu ukoloni mamboleo. Leo Mtanzania huyo huyo anawahubiria wageni kuhusu mazingira.

Mkenya naye ana lake: M-Pesa ilianza kwao mwezi Machi 2007, na kila Mkenya hulieleza jambo hili kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeandika programu yake. Mjibu kwa muziki. Ndani ya matatu iliyochorwa simba, malaika na mchezaji wa mpira ubavuni, katikati ya Nairobi, spika zitakuwa zikipiga Bongo Fleva. Pandisha mabega. Usiseme kwamba huwezi kuimba hata noti moja.

Hatua ya mwisho: Andika matokeo

Kazi hii ifanyie Namanga wakati wa kurudi. Mimi niliifanyia kwa mama mmoja anayeuza chai karibu na yanapoegeshwa malori. Aproni yake ina mifuko miwili: wa kushoto shilingi zetu, wa kulia shilingi zao. Ana simu mbili pia, ya mitandao ya huku na ya mtandao wa kule, na zikiita kwa pamoja hupokea zote.

Nilipokaa aliniambia, "Karibu kaka, pole na safari." Nikamwambia, kwa adabu tulizolelewa nazo, "Asante mama, naomba chai kidogo." Pembeni yangu akaketi dereva wa lori la Kenya. "Sema, boss," mama akamwambia, kwa sauti nyingine kabisa. "Leta chai," akasema dereva.

Tukanywa. Nikamuuliza mama, kwa kuwa yeye huziona nchi zote mbili kila siku, ipi ni bora. Akaniuliza nalipa kwa hela ya wapi. Nikasema ya Tanzania. "Mia tano." Dereva akatoa 30 za Kenya. Nikazidisha haraka: mia sita. Alilipa zaidi yangu kwa mia nzima! Nikatoa daftari, nikaandika kwa herufi kubwa kwamba Tanzania imeshinda, nikaweka na tarehe.

Ndipo nikaona kikombe chake. Kilikuwa kikubwa karibu mara mbili ya changu.

"Mama," nikasema, "mbona mwenzangu kikombe chake..."

"Wewe kaka ulisema kidogo," akajibu.