Hongera, Mpunguza Sukari

Enyi wazee wa njia panda ya Miti, mpigieni makofi mheshimiwa wetu. Daktari alimwambia apunguze kilo, naye akapunguza sukari ya kahawa: kutoka vijiko vitatu hadi viwili na nusu. Nusu kijiko ni gramu 2, kalori 8 hivi. Ushujaa wa namna hii mizani za kawaida haziuoni.

Ili uchungu wa kahawa usimshinde, huisindikiza kwa mandazi manne. Hiyo si tamaa. Ni huruma kwa mama anayeyakaanga. Jioni ni bugali, mbuzi wa kuchoma na chupa mbili za Primus, kwani bia, anatukumbusha, haitiwi sukari kwa kijiko.

Kiwanda cha sukari cha Kiliba, karibu na Uvira, kiliposimama mwaka 1996, wajinga walililia kazi zao. Kumbe kilikuwa kinatulindia viuno mapema! Na arabika ya Kabare ikivuka ziwa na bahari, sisi tukibaki na kahawa ya kopo kutoka ng'ambo, hiyo nayo ni busara: iliyo nzuri ingetushawishi kuongeza kikombe.

Wa kuhurumiwa ni akina mama wanaopanda mlima kwenda sokoni na magunia ya makaa mgongoni. Wamekonda ovyo, bila daktari, bila hata kijiko cha kupunguza. Mheshimiwa ameahidi kuwafundisha nidhamu ya mwili, mara tu atakapopata gari la kumfikisha hapo sokoni.